Vioo vya kuzungusha au vya umeme? Fundi wa Kamalondo anajibu

Julai imefika, mvua ilikatika zamani, na vumbi jekundu la Lubumbashi limeingia kila mahali, hata kwenye sukari. Kwa hiyo sikushangaa kuona barua nyingi za safari hii zinahusu vioo vya milango ya motokari. Kila mwaka ni hivyo hivyo: kiangazi watu wanafunga vioo kwa sababu ya vumbi, Novemba wanavifunga kwa sababu ya mvua, na kile kinachokataa kufunga kinaletwa kwangu. Ninaanza na barua ya mama mmoja wa Katuba kwa sababu amewaulizia wengi.

Papa Fundi, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Bwana yangu na mimi tumeweka feza kidogo kidogo na sasa tunatafuta motokari yetu ya kwanza. Tumeona mbili, zote Toyota, zote usukani kulia, bei karibu sawa. Moja ni Probox ya vioo vya kuzungusha kwa mkono. Ya pili ni IST, vioo vyake vyote vinne ni vya umeme. Shemeji anasema vioo vya umeme ni kujitafutia matatizo, kwamba siku moja vitagoma vikiwa chini na mvua inanyesha. Bwana yangu anasema vya kuzungusha ni mambo ya kizamani, watu watatucheka. Nitakuwa ninaenda Likasi kumwona mama, mara nyingi peke yangu na watoto nyuma. Utushauri. (Mwalimu, Katuba)

Mama Mwalimu, aksanti kwa barua. Shemeji ana sababu zake na bwana wako ana zake, lakini hakuna aliyeuliza motokari itaendeshwa na nani na itapita wapi. Wewe umelisema mwenyewe mwishoni: Likasi, peke yako, usukani kulia.

Huku kwetu Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na motokari nyingi za mji huu zinatoka Japani, zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinakatiza Zambia na kuingia mpakani Kasumbalesa na usukani wao wa kulia. Sasa fika kwenye peaje, pale pa kulipia barabara, ya njia ya Likasi. Kibanda kimewekwa kwa dereva anayekaa kushoto. Wewe umekaa kulia. Mpokea feza yuko kwenye kioo cha abiria, na kiti cha abiria hakina mtu. Ukiwa na Probox ya kuzungusha itabidi ufungue mkanda, ulalie kiti cha pili, unyooshe mkono hadi mlango wa kushoto uzungushe manivele, ule mkono wa kuzungushia kioo, mpaka kioo kishuke, ulipe, upokee karatasi, halafu uzungushe tena kukipandisha, huku lori la mgodi nyuma yako limeshaanza kupiga honi. Ukiwa na IST unabonyeza swichi moja kwenye mlango wako, kioo cha kushoto kinashuka. Polisi wa barabarani akisimama upande ule, unashusha kiasi cha kupitisha karatasi zako na sauti yako, basi. Na watoto wakiwa nyuma wanachezea vioo, unavifunga kutoka ulipo.

Kwa dereva wa usukani wa kushoto jambo hili ni dogo. Kwako wewe ni la kila safari.

Turudi kwa woga wa shemeji, maana si wa bure. Nimeyatoa makava ya milango mengi ya aina zote mbili, na nyuma ya kava vitu ni karibu vile vile. Kioo kimesimama juu ya kipande cha chuma, na chuma hicho kinapandishwa na kile tunachoita mashine ya kioo: ama mikono miwili iliyopishana yenye kipande cha meno, ama kebo nyembamba inayojizungusha kwenye kigurudumu cha plastiki. Tofauti ni nani anayeizungusha. Kwenye Probox ile ni bega lako. Kwenye IST ni mota ndogo ya volti 12 yenye gia ya parafujo, ile ambayo mota inaweza kuisukuma gia lakini gia haiwezi kuirudisha mota nyuma. Ndiyo maana mwizi hawezi kukikandamiza kioo cha umeme kwa viganja kikashuka kirahisi mashine yake ikiwa nzima.

Watu wakija kwangu wanasema “mota imekufa”. Mara nyingi mota ni nzima. Kilichoanza kufa ni mfereji, ile raba yenye manyoya ndani ambayo kioo kinapita kikipanda na kushuka. Vumbi letu ni laini kama unga. Linaingia mle, linapata unyevu kidogo wa umande wa Juni, linashika, na kila kiangazi linaongeza tabaka. Kioo kinakuwa kizito. Mwenye manivele anahisi siku hiyo hiyo. Mkono unamwambia, na analalamika, na pengine anasafisha. Mwenye umeme hahisi kitu. Kidole chake kinabonyeza kwa nguvu ile ile ya jana. Mota ndiyo inayovuta umeme mwingi zaidi, inapata moto, mpaka kikinga chake cha ndani kinakata na kioo kinasimama katikati. Ukisubiri dakika chache kinaendelea, na wewe unasema “ah, imejitengeneza”. Haikujitengeneza. Ilipoa tu. Baada ya miezi ya namna hiyo vishikio vya plastiki vinapasuka, kebo inachanika nyuzi moja moja, halafu siku ya mvua ile anayoisema shemeji inafika. Atalaumu umeme. Mimi ninalaumu mfereji.

Kusafisha mfereji hakuhitaji fundi. Shusha kioo hadi mwisho. Chukua rula ya mbao ya wanafunzi wako, ifunge kitambaa chembamba chenye maji ya sabuni, ipitishe ndani ya raba kutoka juu hadi chini, mbele na nyuma. Kitambaa cha kwanza kitatoka na rangi ya tofali. Badilisha upande, rudia, mpaka kitoke na rangi yake. Acha ikauke, halafu pulizia silikoni. Usitie grisi wala mafuta ya injini humo, hata kama jirani anasema yeye hutia: raba inavimba, na vumbi linapata pa kunatia. Grisi ni ya meno na reli za chuma ndani ya mlango, si ya raba. Ukiwa umeinama hapo, tazama chini ya mlango. Kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti. Mlango ukijaa maji, vinavyooza humo si chuma peke yake, na plagi ya mota nayo imo.

Kabla hujatoa feza, geuza ufunguo bila kuwasha injini, ujaribu vioo vyote vinne: kwanza kutoka mlango wa dereva, halafu kila kimoja kwa swichi yake. Usitazame, sikiliza. Vile vya mbele vilinganishe viwili, vya nyuma viwili. Kimoja kikiwa na sauti nzito au kikienda pole kuliko mwenzake, mfereji wake umechoka au mashine yake inaanza kwenda. Kikitoa mlio wa kukwaruza chuma, mwambie muuzaji apunguze bei au aende nacho kwangu. Fungua mlango wa dereva ukavute polepole ile bomba ya raba kati ya mlango na mwili wa motokari. Nyaya zote za mlango zinapita mle, zinakunjwa kila unapofungua na kufunga, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa zaidi. Ukikuta mkanda mweusi wa umeme umeviringishwa hapo, kuna fundi aliyeshapita. Muulize muuzaji alipita kufanya nini.

Na swichi kuu ya dereva, ibonyeze ukiwa unaisikiliza. Ikinata, mtu alimwaga Fanta.

Probox nayo usiidharau. Ijaribu kwa kuzungusha taratibu: manivele ikizunguka bure kabla kioo hakijaanza kusogea, meno yameliwa, kioo kikitikisika kushoto na kulia kikiwa nusu, reli zake zimelegea. Vipuri vyake ni rahisi na hakuna waya wa kukatika. Kama ungekuwa unabeba makaa na viazi kati ya Kasenga na soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, ningesema Probox bila kufikiri. Lakini kwa safari zako chukua IST, mradi vioo vyake vipite jaribio hilo.

Kuhusu kuchekwa, mwambie bwana wako aende asubuhi kwenye njia ya migodi atazame Land Cruiser za familia ya 70 zinazobeba wafanyakazi. Nyingi zina vioo vya kuzungusha, na bei ya moja inanunua IST kadhaa. Sijasikia mtu akiwacheka. Huko Marekani, Aprili 2025, kampuni mpya inayoitwa Slate ilionyesha pikapu inayotembea kwa betri, haina injini ya mafuta kabisa, na vioo vyake vinazungushwa kwa manivele. Motokari ya umeme, vioo vya mkono! Walitaka bei iwe ndogo. Basi mwenye kucheka acheke.

Fundi, mimi ni shofere wa teksi, Ruashi. Motokari yangu ni ya zamani, vioo vya kuzungusha. Abiria wananivunjia manivele, sasa nimezitoa zote nimebaki na moja, ninaiweka mfukoni. Anayetaka kufungua ananiomba, akimaliza ananirudishia. Juzi mama mmoja alikasirika akasema ninawafunga kama kuku. Nifanye nini? (Shofere wa Ruashi)

Kaka, huyo mama alikuwa na haki. Ukipata ajali na milango ikabana, abiria wa nyuma atatokea wapi? Atakuomba manivele wakati wewe mwenyewe umezirai? Rudisha manivele milangoni, angalau kwenye milango ya nyuma.

Haziharibiki kwa sababu abiria ni wabaya. Zinaharibika kwa sababu kioo ni kizito, abiria anaongeza nguvu, na tundu la plastiki lenye meno madogo linalokalia ekseli, kile kijiti cha chuma kinachotokeza mlangoni, linaliwa. Soma jibu la Mama Mwalimu hapo juu kuhusu rula na kitambaa; kioo kikiwa chepesi, hata manivele ya bei ndogo itakaa. Ukinunua mpya, tafuta yenye tundu la chuma ndani.

Na ninajua wengi mnazitoaje: bisibisi, mnakwangua, kava linachanika, halafu kibanio kinaruka na kupotelea chini ya kiti. Nyuma ya manivele kuna waya mdogo uliokunjwa kama kwato ya punda. Chukua kitambaa cha pamba, kile kigumu cha fulana ya zamani. Kiingize kati ya manivele na kava, ukivute kushoto na kulia kama unayepiga viatu rangi. Kitambaa kitanasa ncha za waya na kuusukuma utoke. Weka kiganja cha pili juu ili usiruke. Wakati wa kurudisha, panga waya kwenye manivele kwanza, ukiwa mezani, halafu igonge mahali pake kwa kiganja. Tik! Imeingia.

Koleo kwenye ekseli tupu, hapana. Nimeona teksi hapa mjini ambazo koleo limekuwa sehemu ya mlango, linaning'inia kwa kamba. Meno ya ekseli yakishaliwa na koleo, hakuna manivele itakayoshika tena, na hapo unanunua mashine nzima.

Papa Fundi, kioo cha mbele cha abiria kimegoma. Kilishuka, hakipandi. Nimelala nimeegesha ukutani kwa hofu ya wezi. Nianzie wapi? (Kampemba)

Anzia kwenye kile kitufe cha kufungia vioo kwenye mlango wa dereva. Usicheke. Kinabonyezwa kwa bahati mbaya na kiwiko, na kinazuia vioo vya abiria vyote. Watu wameshaniletea motokari kwa ajili yake, nikakibonyeza wakiwa bado wananieleza.

Kama si hicho, ngoja usiku. Washa taa ya ndani ya dari, geuza ufunguo, bonyeza swichi ya kioo kilichogoma huku ukitazama taa. Taa ikififia kidogo kila unapobonyeza, umeme unafika kwenye mota na mota inajaribu, lakini kuna kitu kimebana: mfereji, kebo, kioo kilichotoka kwenye reli. Taa isiposhtuka hata kidogo, umeme haufiki. Hapo tafuta fyuzi, kisha swichi, kisha nyaya kwenye ile bomba ya raba ya mlango. Jaribio hilo halina gharama na linaokoa mota nzima zisizo na kosa.

Jambo moja ambalo mafundi wa haraka wanalisahau: kwenye Toyota nyingi umeme wa vioo vya abiria unapita kwenye swichi kuu ya dereva. Kwa hiyo kioo cha abiria kinaweza kugoma wakati swichi yake ni nzima, mota yake ni nzima, na ugonjwa uko upande wa pili wa motokari. Jaribu kwanza kutoka mlango wa dereva, halafu kutoka wa abiria. Kikiitika kwenye mmoja na kukataa kwenye mwingine, umeshajua swichi ipi ifunguliwe.

Kwa usiku wa leo: mtu mmoja abonyeze swichi ya kupandisha na asiachie, wewe ushike kioo kwa viganja viwili, kimoja ndani kimoja nje, ukivute juu. Wakati huo huo mtu wa tatu aupige mlango kwa ngumi upande wa ndani, pale mota ilipo, si kwa hasira. Mota ambayo brashi zake zimechoka mara nyingi inaamka kwa kipigo. Kioo kikishafika juu, usikishushe tena mpaka uje garaji. Kisipofika, mfuko wa plastiki na mkanda mpana, ubandikwe kwenye mlango uliofutwa vumbi kwanza, la sivyo utakuta umeanguka asubuhi.

Fundi, nilibadilishiwa betri. Tangu siku hiyo kioo cha dereva kilichokuwa kinapanda chenyewe kwa mguso mmoja kinapanda kidogo kidogo, lazima nishikilie. Garaji wananiambia ninunue mota mpya. (Msomaji wa Bel-Air)

Usinunue. Kioo kimesahau kiwango chake kwa sababu umeme ulikatwa. Washa motokari, shusha kioo hadi nusu, kisha vuta swichi ya kupandisha, na kikishafika juu kabisa endelea kuishikilia kwa sekunde kadhaa bila kuachia. Kama taa ya swichi ilikuwa inamulika-mulika, itatulia. Toyota nyingi zinakubali hivyo. Nyingine zina mpangilio wao kidogo tofauti, upo kwenye kitabu cha motokari. Mota mpya nayo ingehitaji kufundishwa vile vile.

Mujomba Fundi, nina mtoto wa miaka mitatu, anapenda kupiga magoti kwenye kiti na kutoa kichwa nje. Ninaogopa vioo vya umeme. Je, si vinajizuia vyenyewe? (Mama wa mapacha wa zamani, sasa na wa tatu, Kamalondo)

Dada, vingine vinajizuia, vingine havijui hata maana yake. Angalia swichi yako. Kioo kinachopanda chenyewe hadi juu kwa mguso mmoja kwa kawaida kina kinga: kikigusa kitu kinageuka na kushuka. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinataka kioo cha namna hiyo kigeuke kabla nguvu yake haijapita nyutoni 100, yaani kama uzito wa kilo kumi hivi. Kilo kumi kwenye shingo ya mtoto bado si mchezo, lakini angalau kinaachia. Kile kinachopanda tu wakati umeshikilia swichi mara nyingi hakina kinga hiyo kabisa. Kwenye motokari nyingi za umri wa hizi tulizo nazo, ni kioo cha dereva peke yake chenye mguso mmoja. Cha nyuma, ambako mtoto wako anakaa, kitaendelea kubana mpaka kidole kiondoke.

Tazama pia umbo la swichi. Zile za zamani zilizolala kama mizani zinaweza kukanyagwa na goti la mtoto huyo huyo aliyetoa kichwa: goti linabonyeza, kioo kinapanda. Vifo vya watoto vya namna hiyo ndivyo vilivyofanya Marekani ilazimishe swichi za kuvuta juu, zile ambazo ili kioo kipande lazima uinue kwa ncha ya kidole. Goti haliwezi kuinua. Motokari yako ikiwa na za mizani, kitufe cha kufungia vioo kikae kimebonyezwa muda wote mtoto yuko nyuma, na unapoondoka, hata kwa dakika ya kununua mkate, ondoka na ufunguo.

Kichwa nje, hapana, iwe umeme iwe manivele. Hilo halina fundi.

Mimi ni mwanafunzi wa Kasapa. Nani alianza kuweka vioo visivyozungushwa? (Mwanafunzi)

Packard, Marekani, mwaka 1940, kwenye motokari zao za matajiri. Lakini havikuwa na mota ndani ya kila mlango kama leo. Ilikuwa haidroliki, mafuta yanasukumwa kwa pampu ya umeme yanapandisha kioo. Mirija ya mafuta ndani ya milango! Hebu fikiria kuvuja. Mota ndogo ya umeme ndani ya kila mlango ilikuja kuchukua nafasi hiyo baadaye.

Fundi, ninasafirisha bidhaa kuelekea Kasenga na Pweto, na kuna mahali ninavuka mto kwa pontoni, kile kivuko cha kubeba motokari. Mwenzangu anasema motokari ya vioo vya umeme ikitumbukia majini unafia ndani, ya kuzungusha unatoka. Ni kweli? (Dereva wa pikapu)

Nusu kweli, na ile nusu nyingine inaua watu. Maji hayaui umeme wa volti 12 papo hapo. Vioo vya umeme kwa kawaida vinaendelea kufanya kazi kwa muda mfupi baada ya motokari kugusa maji. Kinachokuzuia ni uzito wa maji yenyewe. Yakishafika kwenye kioo kutoka nje, yanakikandamiza kwenye mfereji, na hapo mota inashindwa na manivele nayo inashindwa. Mlango ndiyo usiuguse kabisa: hutaweza kuufungua, na ukiweza, maji yataingia yote kwa mara moja na motokari itazama nawe. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, amezamisha motokari nyingi kwa majaribio, watu wakiwa ndani, na anachofundisha ni kifupi: mkanda, kioo, toka nje. Watoto watangulie. Una kama dakika moja, wakati motokari bado inaelea. Anayechukua simu kupiga kwanza ameitumia dakika yake.

Kwa hiyo kwenye pontoni umeme au mkono si neno. Shusha vioo vyote kabla gurudumu la mbele halijapanda, fungua mkanda, na abiria wote washuke wavuke wakiwa wamesimama pembeni ya motokari. Motokari ikishafungwa kwa vizuizi, shuka na wewe.

Weka pia ndani ya motokari kifaa chenye ncha ya chuma cha kuvunjia kioo, ukifunge karibu na kiti, si kwenye buti. Piga kona ya kioo cha ubavuni. Cha mbele kina tabaka la plastiki katikati, utapiga mpaka uchoke. Motokari mpya nyingine zina tabaka hilo hata ubavuni, na maandishi madogo kwenye kona ya kila kioo yanaonyesha ni cha aina gani. Yasome leo ukiwa nchi kavu.

Papa Fundi, fundi mmoja huku Kipushi ananishauri nitoe umeme kwenye vioo vyote niweke manivele, eti nitapumzika. Anataka feza nusu kabla ya kuanza. (Mzee wa Kipushi)

Mzee wangu, shikamoo. Inawezekana pale tu ambapo kiwanda kilitengeneza motokari ile ile kwa namna zote mbili. Hapo mashine za manivele zinaingia kwenye matundu yale yale ya mlango, na unahitaji pia makava ya milango yenye tundu la ekseli, maana yako hayana. Kama motokari yako haikuwahi kutoka na manivele, fundi huyo atakata chuma cha mlango, atachomelea, na kioo kitapanda kimepinda. Kuna motokari imeletwa kwangu ikiwa imefanyiwa hivyo: milango minne, nyaya zote zimekatwa kwa kisu na kuachwa zinaning'inia bila hata mkanda, na kufuli za milango nazo zikafa kwa sababu nyaya zake zilikuwa kwenye kifungu kimoja na za vioo. Mwenye motokari alikuwa anafungulia mlango wa nyuma kwa kuingiza mkono kupitia dirisha.

Uliza kwanza vioo vingapi vimeharibika kweli. Kikiwa kimoja, tengeneza hicho kimoja. Vipuri vya kutumika vya Toyota za Japani vimejaa mji mzima. Chukua mashine pamoja na mota yake, ijaribu kwenye betri papo hapo dukani kabla hujalipa: waya mbili, inapanda, zigeuze, inashuka. Ikiitika pande zote mbili bila kukwaruza, ni yako. Na feza ya nusu usimpe kabla hajakuonyesha kwa macho mashine za manivele anazotaka kuweka.